Sura ya Tano: Shingo Mbili, Jina Moja

"Kitendawili," alisema Dk. Iordanis, akikausha mikono yake kwa taulo.

"Daktari, leo Jumapili, na kesho saa tatu asubuhi jalada hili liwe mezani kwa mwendesha mashtaka. Sina wakati wa vitendawili."

"Kitendawili!"

Inspekta Polixeni Gratsani aliweka mkoba wake juu ya kiti cha chuma. Kwa miaka kumi na minne alikuwa akiingia na kutoka katika chumba hiki cha maiti cha Almopetra, na alikwisha kujua kwamba mzee huyu hafungui mdomo mpaka umfungulie wewe kwanza.

"Haya, tega."

"Nina daraja langu. Chini yake mto hupita usiku na mchana. Juu yake hajapita mtu tangu dunia iumbwe."

"Sijui."

"Nipe mji."

"Chukua Thesaloniki yote, na bandari yake."

"Thesaloniki nimekwenda, nimekula samaki wa kukaanga, nimelala, nimerudi. Sasa njoo ulione daraja lenyewe."

Alivuta sinia iliyofunikwa kitambaa. Chini ya kitambaa kulikuwa na mfupa mmoja tu, mweupe, wa mviringo, mdogo kama bangili ya msichana.

"Ni yeye?" aliuliza Inspekta, na sauti yake ikashuka yenyewe.

"Ni yeye. Pingili ya kwanza ya shingo, ile inayobeba fuvu. Wiki zote hizi ulikuwa majini, mpaka nyama ikaachia. Mfupa hauharakishwi, Inspekta, ndiyo maana nimekuita leo na si mwezi uliopita."

Yeye alikuwa Zisis Karamitros, mfuga nyuki wa kijiji cha Lefkari, umri miaka arobaini na mitatu. Vidole vyake vilikuwa vimeanza kufa ganzi, akawa anaangusha vikombe, kisha miguu nayo ikaanza kumsaliti. Madaktari wakamwambia jino la shingo yake, kile kimfupa kinachoshikilia pingili ya kwanza na ya pili, halikuungana tangu alipozaliwa, na sasa shingo imelegea na inabana uti. Dawa yake ni kuzifunga pingili hizo kwa skrubu. Tarehe nne Septemba Dk. Leandros Vamvakas alimfungua shingo katika hospitali ya mkoa. Skrubu tatu zilikwenda vizuri. Ya nne, ya kushoto juu, ilitoboa mshipa unaopeleka damu kwenye ubongo. Siku mbili baadaye Zisis alikufa bila kufumbua macho.

Mama yake, Bi Garifalia, hakuajiri wakili. Alikuja kituoni mwenyewe, amevaa nyeusi, na malalamiko yake yalikuwa mstari mmoja: *Nataka kuujua mkono uliomuua mwanangu.* Kesho asubuhi mwendesha mashtaka angeamua kama mkono huo ni wa Dk. Leandros na kama unastahili pingu.

"Muuguzi mmoja ameandika kwamba mkono wa daktari ulitetemeka," alisema Inspekta. "Na kuna maneno mjini kwamba anapenda chupa."

"Mjini kuna maneno kwamba mimi hula maini ya wateja wangu. Tazama tundu hili." Mzee alimpa kioo cha kukuzia. "Seremala mlevi hutoboa hivi?"

Inspekta alitazama. Tundu lilikuwa limenyooka, kingo zake safi.

"Hapana."

"Na skrubu nimeipima. Urefu wake sawa, unene wake sawa, na upande ilioelekea ni sawa kabisa na ulivyochorwa kwenye mpango wa upasuaji. Alitoboa mahali alipotaka kutoboa. Sasa tazama juu ya tundu. Unaona kijishimo kama tundu la sindano kubwa?"

"Naona."

"Hapo ndipo mto unapopita. Kwa watu wengi mshipa huo hulala juu ya mfupa kwenye mfereji ulio wazi, kama maji ya mvua. Lakini wapo watu ambao Mungu amewawekea kijipande cha mfupa juu ya mfereji. Daraja. Si ugonjwa wala hakiumi, mtu huzaliwa nacho akazeeka nacho asijue. Shida ni kwa daktari anayekuja kwa nyuma. Hauoni mfereji. Anaona mfupa mrefu, mnene, anasema, ahaa, hapa pananitosha skrubu. Kumbe nusu ya unene huo ni daraja, na chini yake ni mto."

"Basi ni uzembe. Angetazama picha kabla ya kufungua."

"Alitazama," alisema Dk. Iordanis, na uso wake ukapoteza mzaha wote. "Ndicho kinachoninyima usingizi. Washa taa."

Inspekta akabonyeza swichi ya ubao wa taa ukutani. Mzee akatoa kwenye jalada la hospitali karatasi kubwa nyeusi ya picha, akaibandika.

"Hii ndiyo picha aliyopangia kazi. Jino halikuungana, sawa. Shingo imelegea, sawa. Pingili ya kwanza, kushoto: mfupa mnene, imara, umejaa wote. Daraja liko wapi?"

Inspekta alisogea mpaka pua ikakaribia kugusa picha. Akaenda kulia, akarudi kushoto.

"Halipo."

"Halipo."

"Picha ilipigwa lini?"

"Agosti ishirini na tisa. Siku sita kabla."

"Mfupa unaweza kuota daraja kwa siku sita?"

"Hata uyoga hauoti hivyo, mwanangu."

Inspekta akachukua tena kile kioo, na safari hii hakutazama mifupa. Alitazama pembe ya chini ya karatasi, mahali mashine huandika. KARAMITROS ZISIS, ilisema, kwa herufi kubwa. Mwaka wa kuzaliwa ulikuwa uleule. Chini yake, kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa, kulikuwa na jina la baba, kama ilivyo desturi ya kila karatasi katika nchi hii, tangu cheti cha ubatizo mpaka hati ya kuzikwa.

*Mwana wa Thomas.*

Alifungua mkoba wake, akatoa malalamiko ya Bi Garifalia, akasoma mwisho wake. *Mimi, Garifalia, mjane wa Stergios Karamitros.*

"Daktari," alisema polepole, "hii si shingo ya marehemu."

---

Dk. Leandros Vamvakas alifungua mlango mwenyewe. Alikuwa amesimamishwa kazi tangu Septemba. Alimkaribisha Inspekta jikoni, na Inspekta akaona kwamba mguu mmoja wa kiti umezungushiwa uzi wa kushonea vidonda, mafundo mamia, madogo, yamepangana kama mahindi kwenye gunzi.

"Ni kazi ya mikono isiyo na kazi," alisema daktari. "Kahawa?"

"Asante, sikai. Muuguzi anasema mkono wako ulitetemeka."

"Ulitetemeka. Baada ya damu kuruka. Ungetetemeka hata wako."

"Kabla yake?"

"Kabla yake nilikuwa nimetulia kama mtu anayeingia nyumbani kwake. Nilikuwa na picha. Picha iliniahidi mfupa mnene kushoto, na nilipofungua nikauona mfupa mnene kushoto. Nilifurahi, Inspekta. Usiandike hilo." Kisha akatikisa kichwa. "Au liandike."

"Kama picha ingekuonyesha mfupa mwembamba?"

"Ningeshtuka. Ningejiuliza, mbona ninachokiona hakifanani na picha? Ningeshuka chini zaidi, niingilie mahali pengine. Njia zipo. Nimeshakutana na madaraja hayo mara tisa, na hao tisa wote wako hai."

"Nani alikuletea picha?"

"Mashine yetu imekufa tangu Machi. Wagonjwa wanapigwa picha kwa daktari wa binafsi hapa mjini, wanazifuata wenyewe, wanatuletea kwapani. Ile aliileta mama yake. Alinipa kwa mikono miwili, kama mtu anayekupa mtoto." Daktari alifikiri kidogo. "Ilikuwa ikinukia ubani. Nakumbuka kwa sababu nilimtania, nikamwambia, mama, umeniletea picha au kanisa?"

"Akasemaje?"

"Akasema, vyote."

Inspekta akaandika. "Ulisoma jina?"

"Nililisoma. Karamitros Zisis."

"La baba?"

Daktari alikuwa amenyanyua kikombe chake. Hakukifikisha mdomoni, wala hakukirudisha mezani.

"Ilikuwa ya nani?" aliuliza.

"Jibu kwanza swali langu."

"Hapana. Sikulisoma. Msaidizi wangu hakulisoma, na muuguzi wa mapokezi aliweka muhuri juu ya bahasha." Akakirudisha kikombe mezani. "Ilikuwa ya nani, Inspekta?"

"Ya Zisis Karamitros mwingine, nadhani. Nakwenda kuhakikisha."

Alidhani angeona mtu aliyetuliwa mzigo. Lakini Dk. Leandros alikaa juu ya kile kiti cha mafundo, akaweka viganja viwili juu ya magoti.

"Basi nina kosa," alisema. "Muda wote huu nimekuwa nikisema nilifanya kila kitu sawasawa, na sikuelewa. Maneno matatu pembeni ya karatasi. Mwanangu wa darasa la pili angeyasoma."

---

Kufika Lefkari ni mwendo wa dakika hamsini, kona juu ya kona. Wanaume wanne walikuwa wamekaa mbele ya mkahawa wa kijiji wakicheza karata, na walipoona gari la polisi walizilaza karata zao kifudifudi.

"Namtafuta Zisis Karamitros," alisema Inspekta.

"Yupi, dada?" aliuliza mwenye mkahawa. "Kijiji hiki ukirusha jiwe litampiga Zisis. Likimkosa, litampiga mbwa wa Zisis."

Wenzake walicheka. Inspekta akasema, "Mwana wa Thomas," na kicheko kikakatika.

"Huyo ndiye aliyebaki," alisema mmoja, mzee mwenye masharubu ya manjano. "Mzee Zisis alikuwa na wana wawili, Stergios na Thomas. Kila mmoja alipopata mtoto wa kiume akampa jina la babu. Ndivyo inavyopasa, au sivyo? Sasa walizaliwa mwaka mmoja, wakaenda shule siku moja, mwalimu akawa anawaita Zisis wa Nyuki na Zisis wa Kondoo, kwa kazi za baba zao. Walirithi jina la babu, walirithi na shingo yake. Babu naye alikufa akiwa hawezi kushika kijiko."

"Nitampata wapi?"

"Alishuka kutoka mlimani na kondoo siku ya Mtakatifu Dimitri, mwishoni mwa Oktoba, kama wachungaji wote. Tangu hapo yuko kwa mama wa mwenzake, anampasulia kuni. Pale penye mizinga ya buluu."

Uwanjani Bi Garifalia alikuwa amekaa kwenye kigoda, akitunga pilipili nyekundu kwenye uzi kwa ajili ya majira ya baridi. Alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka sabini na minne, kitambaa cheusi kimefungwa mpaka kidevuni. Kando ya ukuta mwanamume mpana wa mabega alikuwa akipasua kuni, na Inspekta alipoingia getini shoka lilimponyoka mkononi, likaanguka kwenye majani. Aliliokota haraka, kama mtu aliyefumaniwa.

"Vidole tena?" aliuliza Bi Garifalia bila kugeuka.

"Jasho tu, mama mkubwa."

"Jasho la Novemba. Mwongo kama baba yako." Kisha akamwona mgeni. "Inspekta! Karibu, mwanangu. Zisis, mletee kiti. Kile chenye miguu minne, si kile chako."

Inspekta alikaa. Alikataa kahawa mara moja, mara ya pili akaikubali, kwa kuwa kumkatalia mwenye msiba mara mbili ni matusi. Aliinywa yote kabla ya kuuliza chochote.

"Bi Garifalia, nataka kujua habari za zile picha za shingo. Nani alizifuata kwa daktari?"

"Mimi. Zote mbili."

"Zote mbili?"

"Yangu na yake," alisema Zisis. "Daktari alisema ugonjwa huu unaweza kuwa wa ukoo, ndugu nao wapimwe. Mimi nilishuka siku moja tu, tukapigwa picha pamoja, nikapanda tena jioni ileile. Kondoo mia tatu hawajilishi wenyewe."

"Na mwanangu alikuwa hawezi kupanda basi kwa miguu ile," alisema Bi Garifalia. "Basi nikaenda mimi. Wakanipa bahasha mbili, na msichana wa pale akaniambia, bibi, hii ya Stergios, hii ya Thomas, usichanganye. Nikamwambia, binti, mimi nimewaogesha wote wawili kwenye beseni moja, nitawachanganyaje?"

Alitabasamu kidogo. Inspekta hakuweza kumrudishia tabasamu lile.

"Baadaye ukazipeleka wapi?"

"Kanisani. Ungezipeleka wapi wewe? Ukiwa na mgonjwa unapeleka shati lake, unaliweka chini ya picha ya Mama wa Mungu kwa siku tatu. Sasa mimi nikafikiri, shati la nini, wakati nina shingo yenyewe? Nikazilaza pale zote mbili. Padri Nektarios akafukiza ubani, akasoma sala ya wagonjwa."

"Ndani ya bahasha zake?"

"Bahasha zimefungwa kwa gundi! Mama wa Mungu angeonaje? Nilizitoa, nikazilaza wazi, moja huku, moja huku, ili azitazame vizuri. Siku ya tatu nikazirudisha."

Zisis alikuwa amesimama nyuma ya kigoda. Inspekta aliona kifua chake kikiacha kupanda na kushuka.

"Bahasha ya pili iko wapi?" aliuliza Inspekta.

"Ndani ya kasha, chini ya shuka. Mimi sijaifungua," alisema Zisis taratibu. "Baada ya yaliyotokea, sikutaka kujua."

"Nenda kailete."

Alikwenda. Alikaa huko muda mrefu kuliko kasha moja linavyohitaji. Aliporudi, gundi ya bahasha ilikuwa imebanduliwa upya, na uso wake ulikuwa na rangi ya majivu.

Inspekta akaitoa karatasi nyeusi, akainyanyua mbele ya jua. Hakuhitaji kioo. Kushoto, juu ya pete ya mfupa, kulikuwa na kitundu kidogo cha mviringo, na juu ya kitundu uzi mweupe wa mfupa umekunjika kutoka ukingo hadi ukingo. Daraja. Pembeni chini: *mwana wa Stergios.*

"Ni mimi," alisema Zisis kwa sauti kubwa. "Inspekta, ni mimi niliyezichanganya. Nilizitoa nikataka kuona yangu, nikazirudisha ovyo. Andika hivyo."

"Lini?"

"Zilipokuja tu. Usiku."

"Usiku upi?"

"Sikumbuki. Andika."

"Zisis," alisema Bi Garifalia, akiwa bado ameshika sindano na pilipili. "Ulikuwa mlimani. Hukuwepo hata kwenye mazishi, mpaka walipokufuata kwa punda. Mbona unamdanganya Inspekta wa watu?"

Nyuki wachache wa mwisho wa mwaka walikuwa wakizunguka pilipili. Mama akatazama ile karatasi nyeusi mkononi mwa Inspekta, akatazama bahasha, akamtazama mwana wa shemeji yake ambaye hakuweza kumtazama. Akachoma sindano kwenye pilipili, akaiweka chini polepole.

"Hiyo ni ya mwanangu," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Ilikuwa kwenye kasha langu."

"Ndiyo."

"Na daktari alikuwa na ya nani?"

Inspekta Polixeni alikuwa amehoji wezi, wauaji, na diwani mmoja aliyelia kama mtoto. Alifunga daftari lake juu ya kidole.

"Alikuwa na ya Zisis huyu. Zinafanana karibu kila kitu, mama. Jino lilelile, ulegevu uleule. Tofauti ni kijifupa kimoja kidogo kuliko punje ya ngano. Daktari hakukitegemea, kwa sababu picha aliyokuwa nayo haikuwa nacho."

"Kwa hiyo mkono..."

"Nisikilize. Jina la mume wako limeandikwa hapa, tazama. Na jina la Thomas limeandikwa kwenye ile nyingine. Hospitalini watu watatu walipaswa kulisoma kabla ya kumlaza mwanao mezani. Hiyo ni kazi yao, na wanaapa kuifanya. Hakuna hata mmoja aliyelisoma. Hilo ndilo nitakaloandika, na daktari mwenyewe amekiri leo asubuhi. Sheria inaishia hapo."

"Sikukuuliza sheria inaishia wapi. Nilikuuliza habari ya mkono."

"Mama mkubwa," Zisis alianza.

"Nyamaza wewe." Hakupandisha sauti. "Msichana yule aliniambia nisichanganye. Nikamcheka. Andika, Inspekta. Garifalia, mjane wa Stergios, alizitoa kwenye bahasha na akazirudisha vibaya."

"Maelezo yangu hayana nafasi ya hilo, mama. Kuomba si kosa la jinai."

"Basi nafasi yake iko wapi?"

Inspekta alifungua tena daftari. Akaandika maneno yale kama yalivyosemwa, bila kuongeza wala kupunguza, kisha akayasoma kwa sauti, na Bi Garifalia akasikiliza kwa makini, kichwa upande, kama anayesikiliza bei. Aliposhika kalamu aliandika jina lake herufi moja moja, akiishia na la mumewe.

"Daktari yule ana watoto?" aliuliza, akirudisha kalamu.

"Mmoja. Wa kiume, yuko darasa la pili."

"Mwambie nimeuliza."

Kisha akaifunga ile bahasha iliyobaki tupu, akaikunja mara mbili, na mara ya tatu.

"Picha zote mbili nitazichukua kama ushahidi," Inspekta alimwambia Zisis. "Utahitaji nyingine. Usingoje. Nimeliona lile shoka."

"Ataenda keshokutwa," alisema Bi Garifalia. "Ataenda peke yake. Nitampikia chakula cha njiani, basi. Bahasha yake sitaishika. Nguo yake sitaiosha. Kitu chake chochote sitakigusa tena." Na akaingiza mikono yake miwili chini ya aproni, akaiminya pale kama mtu afichaye kitu cha wizi.

Zisis alikuja mbele ya kigoda. Akachuchumaa, polepole, kwa sababu magoti yake nayo yalikuwa yameanza kutomwamini.

"Nani ataibeba, mama mkubwa? Vidole hivi havishiki. Nitaiangusha mtoni."

"Tafuta mtu mwingine. Muulize mama yako."

"Mama yangu yuko makaburini miaka kumi na tisa, na unajua. Aliyenipeleka shule ni nani? Aliyenichagulia mke, nikamkataa, akaninunia mwaka mzima?"

"Zisis, niache."

"Utaibeba wewe. Utaibeba njia nzima, na tukifika utamsomea daktari jina la baba yangu, kwa sauti, mpaka akome. Mara tatu. Mara kumi ukitaka."

"Siwezi."

Inspekta alikuwa amefika getini. Aligeuka mara moja tu. Zisis alikuwa ameingiza vidole vyake vizito chini ya aproni, akitafuta. Alitoa mkono wa kwanza wa mama huyo, mwekundu wa pilipili, akaulaza juu ya shingo yake mwenyewe, kwa nyuma, chini kidogo ya nywele. Kisha akatafuta wa pili.

Ndipo Bi Garifalia, ambaye kijiji kizima kilishangaa kwamba hakulia kanisani wala kaburini, alipotoa sauti. Ilikuwa sauti nyembamba, ndefu, na kule mkahawani wanaume wanne waliacha karata zao wakasimama. Alijaribu kuivuta mikono yake. Zisis hakuiachia.